Darubini ya kwanza ya kutazamia nyota: ninunue ipi nikiwa Mikindani?

Mama wa Mikindani:
Ndugu zangu, habari za jioni. Naishi Mikindani, Mtwara, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama anga kwa macho matupu hadi nikazoea kuitambua Kilimia, Msalaba wa Kusini na sayari zinazong'aa. Sasa fedha za korosho zimeingia, nami nimetenga shilingi laki nane kwa ajili ya darubini ambayo nitaitumia pamoja na wanangu. Nimeona mbili mtandaoni, bei zake zikikaribiana. Moja ni ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 60, na tangazo lake linadai kwamba hukuza mara 675. Nyingine ni ya kioo, kipenyo milimita 127 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) milimita 1000, nayo huja na stendi ya miguu mitatu yenye chuma cha kusawazisha uzito. Je, nichukue ipi? Na je, hewa ya bahari ya huku haitaiharibu?

Mwalimu wa Fizikia, Masasi:
Dada, nakushauri usichukue hata moja kati ya hizo.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani kile kilenzi kidogo unachochungulia, kwa hiyo muuzaji yeyote anaweza kuifikia namba kubwa kwa kuongeza vilenzi vidogo, ilhali mwanga unaoingia unabaki uleule na picha inazidi kufifia. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 120 kwa darubini ya milimita 60, tena usiku anga ikiwa imetulia. Kitu cha kulipia ni kipenyo. Kioo cha milimita 130 hukusanya mwanga zaidi ya mara nne na nusu ya lenzi ya milimita 60.

Hiyo ya pili ina kipenyo kizuri, lakini itazame vizuri pichani: ikiwa bomba lake lina urefu wa nusu mita tu wakati fokasi inatajwa kuwa milimita 1000, basi ndani ya mdomo wa kuwekea lenzi ya jicho kumefichwa lenzi nyingine ya kurefusha fokasi. Darubini za muundo huo ni ngumu kuzipanga vioo vikae sawasawa, na picha zake mara nyingi hazikai sawa. Stendi yake nayo haitufai sisi wa kusini. Mhimili wake sharti uelekezwe kwenye ncha ya kusini ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzunguka, ambayo kwa Mtwara iko nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho. Stendi nyingi za bei nafuu haziwezi kulala kiasi hicho, na Sigma Octantis, nyota iliyo jirani na ncha hiyo, ni hafifu mno kwa anayeanza.

Tafuta darubini ya kioo ya milimita 130, fokasi milimita 650, iliyo juu ya kitako cha mbao kinachozunguka, aina inayoitwa Dobson. Huwekwa juu ya meza imara na mtoto huielekeza kwa mkono. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 utakuza mara 26, na Kilimia itaingia yote. Kwa ya milimita 10 utakuza mara 65, na hapo utaona pete za sayari ya Zuhali na miezi minne ya sayari ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Kisha ielekeze Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota ambalo kwetu hupita juu vizuri angani, wakati watazamaji wa Uingereza hawalioni asilani. Tuna anga tajiri, Dada, na inasikitisha kuona mtu akikata tamaa kwa sababu ya chombo kibovu.

Mzee wa Lindi:
Mwanangu, naafikiana na Mwalimu kuhusu chombo, ila sikubaliani na wakati. Fedha za korosho huja mvua zikiwa zinakaribia, na kuanzia Desemba hadi Aprili mawingu na unyevu vitakufungia darubini ndani ya boksi, mahali ambapo kuvu huota kwenye vioo. Kwa sasa nunua darubini ya macho mawili ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50), ambayo kwa usiku mmoja wa mwanya itakuonyesha mashimo ya Mwezi na Mawingu ya Magellan, ambayo ni galaksi mbili ndogo jirani, kisha ile kubwa uinunue Mei, kabla ya miezi mikavu ya kusi.

Kuhusu chumvi, hifadhi chombo katika boksi lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika kama vile vinavyokuja na viatu vipya, na usikifunike kikiwa na umande. Kioo kikishika vumbi kiache. Kukifuta kwa kanga kutakikwaruza.

Mama wa Mikindani:
Shikamoo Mzee, na asante Mwalimu. Nitafuata utaratibu huo wa Mei. Wanangu wameshauliza kama wataweza kulitazama jua, kwa kuwa tangazo linataja kichujio cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho.

Mwalimu wa Fizikia, Masasi:
Kichujio hicho kikija ndani ya boksi, kitupe siku hiyohiyo. Hukaa mahali ambapo joto lote la jua limekusanywa, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho huungua bila hata kuuma. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa mbele wa darubini, kabla mwanga haujaingia. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kwa sehemu tu huku kwetu, kwa hiyo nunua kichujio hicho salama kabla ya hapo, na mchana wowote mwingine darubini ikae ndani, mbali na mikono ya watoto.