Gumzo la kikundi: Mifarishi ya Ukoo 🧵

*Jumamosi*

Shangazi Zaina: Assalaam alaykum ukoo. Nakumbusha tu. Mfarishi mdogo, inchi 12 kwa 12, si 11 wala 13. Uso, kijazio, mgongo, vyote vimeshonwa pamoja. Kura ya kubadilishana ni Ijumaa baada ya Alasiri kwa Bibi. Atakayeleta kitambaa kimoja kilichopindwa akakiite leso ya jasho.

Mjomba Hamisi: Waalaykum salaam. Na sisi tusiojua hata kutia uzi?

Shangazi Zaina: Wewe ni posta. Una pikipiki, utapeleka ya Muheza na ya Pangani.

Ma'mdogo Saada (Mombasa): Wangu ushakwisha. Jumatano nautia kwenye basi, mtu akaupokee.

Mama Rukia: Jamani, Rukia naye anataka kuingia. Likizo yote yuko kwa Bibi.

Shangazi Zaina: Ana miaka 7. Mtu atoe jasho wiki nzima, apokee cha mtoto kilichokwenda upogo?

Bibi: 🎤 1:42

Nasra: Kwa msio na bando: Bibi anasema mtoto ameshaingia, na asiyetaka abaki na mfarishi wake ajifunike mwenyewe.

Mjomba Hamisi: Inchi 12 atajifunika goti 😂

*Jumapili*

Nasra: Ripoti kutoka kwa Bibi, Ngamiani. Bibi kamwaga sakafuni mfuko wa vipande aliopewa na fundi wa mtaa wa nyuma. Vitenge, khanga kuukuu, shuka, hadi kipande cha sare ya shule. Rukia alidhani ni kushona moja kwa moja. Kumbe somo la kwanza ni kufua. Bibi katumbukiza khanga nyekundu kwenye bakuli jeupe, maji yakawa kama juisi ya rosela. Kamwambia, "Hii ukiiunga na nyeupe kabla haijamaliza kuchuja, siku ya kufua utalia."

Ma'mdogo Saada (Mombasa): Leso nyekundu mimi naiosha mpaka maji yatoke meupe, hata mara sita.

Shangazi Zaina: Na kitenge kipya kinarudi. Usipokifua kwanza, kitarudi kikiwa kimeshashonwa, na jirani zake watajikunja.

Nasra: Halafu Rukia kaona khanga ina maandishi, akataka kuikata pale pale kwenye jina. Bibi kamshika mkono. Eti jina halikatwi katikati, maana nusu ya neno ni tusi.

Mjomba Hamisi: Inategemea nusu ipi.

*Jumatatu*

Nasra: Msiba. Viraka 9 vyote vimekatwa inchi 4 badala ya 4½. Na rula nilimpa mimi.

Shangazi Zaina: Nilijua.

Nasra: Rukia anauliza, tatu mara nne si kumi na mbili? Amekosa nini?

Shangazi Zaina: Mwambie kila upande robo inchi inaliwa na mshono. Kiraka cha 4 kikishaungwa kinabaki 3½. Vitatu ni 10½.

Nasra: Anauliza inaliwa na nani.

Bibi: 🎤 0:51

Nasra: Bibi anasema tusimpigie mtoto kelele. Khanga ina mji na ina pindo, mji ukipungua ongeza pindo. Tukate ukanda wa inchi 1¼ tuuzungushe pande zote. Robo italiwa ndani, robo italiwa nje, kitakachoonekana ni robo tatu. Robo tatu huku na robo tatu kule ni inchi moja na nusu. Nimepiga hesabu kwa simu, inakuja 12 kamili. Bibi kapiga kwa vidole, kanimalizia mbele.

*Jumanne*

Mama Rukia: Kijazio mmetia nini? Sufi?

Nasra: Sufi Bibi kaikataa. Anasema ni ya mito. Kwenye mfarishi inajikusanya upande mmoja kama haina mishono ya karibu karibu, na Rukia bado mishono yake ina nafasi ya kupita mbuzi. Tumekata blanketi kuukuu. Uso na mgongo vimetazamana, blanketi juu yake, kushona pande zote ila umeachwa mdomo wa kupitisha mkono, halafu kugeuza kama foronya. Mdomo kaufunga Bibi. Ameshapiga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje ili kitambaa kisifanye mikunjo. Sasa Rukia anapita na uzi mwekundu juu ya mistari aliyoichora kwa kipande cha sabuni.

Ma'mdogo Saada (Mombasa): Kipande cha sabuni! Mamangu naye hiyo ndiyo ilikuwa chaki yake. Uzi usizidi urefu wa mkono wake, la sivyo utajifunga mafundo.

Nasra: Ndivyo alivyoambiwa. Kastabini ya Bibi, kile kikofia cha kukinga kidole, inamvuka, tumemfungia plasta badala yake. Sindano ya tundu kubwa. Na sheria: zinatoka 5, zinarudi 5 kwenye kijimto, ndipo mtu anakula.

Nasra: Zimerudi 4.

Mama Rukia: NASRA

Nasra: Tumeshainua godoro, tumekung'uta jamvi. Hakuna anayetembea bila kandambili.

Mjomba Hamisi: Lile spika langu bovu liko uvunguni, lina sumaku. Lipitisheni sakafuni.

Nasra: Spika limeokota misumari mitatu na kifungo cha suruali. Sindano hakuna. Tumekula saa nne usiku.

*Jumatano*

Nasra: Nina neno, na Bibi kanipa ruhusa kulisema. Saa nane usiku naamka kwenda chooni, namkuta na miwani yake chini ya taa anafumua mishono ya Rukia na kuishona upya. Mistari miwili alikuwa ameshaimaliza.

Shangazi Zaina: Alhamdulillah.

Nasra: Ngoja. Asubuhi Rukia kaushika, kaupitishia kidole. Mishono yake ilikuwa mitatu kwenye inchi, ya Bibi ni minane. Hakusema kitu. Kachukua mkasi mdogo, kafumua ya Bibi yote, kaanza upya. Chai imepoa pale pale.

Bibi: 🎤 2:15

Nasra: Anasema amekosa, na ameshamwomba radhi mtoto. Mama yake naye alikuwa akimfumulia usiku, akaacha sindano mpaka alipoolewa. Kisha anauliza, Zaina wewe nilikufumulia mara ngapi?

Shangazi Zaina: Nyingi. Ndiyo maana mshono wangu umenyooka.

Mjomba Hamisi: Na shingo pia.

Ma'mdogo Saada (Mombasa): Mimi niwape hii. Kule Karnataka, India, wako Wasiddi, wazee wao walitoka huku kwetu Afrika. Wanawake wao wanashona mifarishi ya nguo kuukuu, wenyewe huiita kawandi. Wanaanzia pembeni, wanazunguka kwa mshono wa mkono mpaka wanafika katikati. Na kwenye pembe wanatia vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua. Mishono inaonekana wazi, na ndiyo uzuri wake.

Nasra: Rukia kasikia "maua" basi. Anataka pembe nne.

Shangazi Zaina: Inchi 12 zisizidi.

Nasra: Yanakaa juu ya pindo, Shangazi, hayatoki nje.

*Ijumaa*

Mama Rukia: Kura vipi? Niko kazini, natetemeka.

Nasra: Mifarishi 6 kwenye kikapu cha ukindu, kila mtu na karatasi yake. Ma'mdogo Saada kapata wa Bibi, basi la kurudi litampelekea. Mama Rukia umepata wa Saada. Mimi wa Shangazi Zaina, naogopa hata kuutandika. Wa Rukia...

Mjomba Hamisi: Sema.

Nasra: Shangazi Zaina.

Mama Rukia: 🙈

Mjomba Hamisi: Zaina, uko?

Ma'mdogo Saada (Mombasa): Kaupima?

Nasra: Kautolea futi hapa hapa mbele ya watu. 12 kwa 12. Kaukunja, kautia mkobani, kaaga.

Shangazi Zaina: Nimefika nyumbani. Nimeuweka juu ya meza ya cherehani, nikaulalia mkono.

Shangazi Zaina: Sindano ya tano imepatikana.

Nasra: 😳 Wapi?

Shangazi Zaina: Ndani, kati ya uso na blanketi, karibu na ua la kushoto. Sasa hivi iko kwenye kiganja changu.

Mama Rukia: Subhanallah, pole wifi!

Nasra: Pole Shangazi. Rukia anauliza, ni ile ya tundu kubwa? Anaiomba, kwa hizi nyingine uzi haupiti.

Shangazi Zaina: Simpi mtu ailete. Mwambie aje kuichukua mwenyewe Jumapili. Nina kastabini ndogo hapa, ya utotoni kwangu, itamwenea.