Kuacha sigara: hipnosisi, chingamu ya nikotini au ushauri nasaha?

MamaTasha_Donholm
Wadau, habari za jioni. Mume wangu alianza sigara akiwa kondakta, na siku hizi anakohoa usiku mpaka watoto wanaamka. Ameamua kuacha, tena kwa hiari yake. Mwenzake kazini anamwambia kuna mtaalamu wa hipnosisi (anakutuliza kwa maneno hadi akili izame, kisha anakupa mawaidha) upande wa Ngong Road, ukiketi naye mara moja tu hamu inakatika. Duka la dawa wanasema chingamu ya nikotini. Mimi nilitaka apate mshauri wa kuongea naye. Pesa tuliyo nayo inatosha kuanza na kimoja. Aliyepitia hipnosisi atuambie: inafanya kazi kweli?

OtienoKayole
Nimepitia, shemeji. Nilikalishwa kwenye kiti cha kuegemea, taa ikapunguzwa, mtaalamu akahesabu polepole huku akiniambia mkono wangu unakuwa mzito. Na kweli ulikuwa mzito, kuuinua ilikuwa kazi. Lakini sikulala. Honi za matatu huko nje nilizisikia zote. Hamu ya sigara ilipungua kwa muda, kisha mshahara ukaingia, tukakaa na marafiki, nikawasha. Usingizi wangu umekuwa mzuri tangu wakati ule, hilo sitalikana. Sigara bado navuta.

KijanaWaGiko
Dada, msiguse hiyo kitu. Shangazi yangu aliguswa bega pale River Road, akawapa watu pesa yote ya chama kwa mkono wake mwenyewe. Ukimfungulia mtu akili yako, atakufanya atakavyo.

Muuguzi_Kangemi
Pole kwa shangazi, KijanaWaGiko. Wale ni matapeli. Wanamzunguka mtu wawili watatu, wanampa hadithi ya pesa iliyookotwa, wanamharakisha asipate nafasi ya kufikiri. Ya kliniki ni tofauti kabisa: mgonjwa ana fahamu zake, akitaka kufungua macho na kuondoka anaondoka. Hata zamani daktari mmoja, Mesmer, alipodai ana nguvu ya sumaku inayotibu watu kule Paris, tume ya mwaka 1784, aliyokuwemo Benjamin Franklin, ililichunguza dai hilo ikaona hakuna sumaku yoyote. Kilichokuwa kikifanya kazi ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe.

MamaTasha, kuhusu sigara nitakuambia wazi. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya tafiti 14 mwaka 2019, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba hipnosisi inazidi njia nyingine, au hata kuacha bila msaada. Dawa za nikotini zina ushahidi mzito: zinaongeza uwezekano wa kufaulu kwa asilimia 50 hadi 60, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Zikienda pamoja na ushauri nasaha, bora zaidi. Anayeahidi kumaliza kazi kwa kikao kimoja, muulize kwanza kama amesajiliwa. Sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 inamtaka mshauri au mwanasaikolojia asajiliwe.

Achieng_Syokimau
Nakubaliana na muuguzi kuhusu sigara, lakini msiitupe hipnosisi yote. Mimi nilikuwa na tumbo la kusokota, leo kuharisha, kesho kufunga choo. Daktari alinipima kila kitu, akaniambia utumbo hauna kidonda, ila una wepesi wa kushtuka. Nilifundishwa kuweka kiganja juu ya tumbo, nihisi joto likiingia, nione utumbo ukitulia. Nilifanya kwa miezi, na nyumbani pia. Sasa napanda gari la kwenda mjini bila kuwaza choo kiko wapi. Madaktari wa Manchester, Uingereza, walichapisha utafiti wa tiba hii tangu 1984, na mwongozo wa afya wa Uingereza unaitaja kwa wagonjwa ambao dawa hazijawasaidia kwa miezi 12. Na si kila mtu anazama. Dadangu alijaribu kwa ajili ya woga wa sindano, hakuhisi lolote.

Fundi_Embakasi
Mimi niliacha kwa chingamu. Mama, wengi wanaitumia vibaya halafu wanasema haifai. Haitafunwi kama Big G! Unaitafuna taratibu hadi ladha ya pilipili itokee, unaibana kati ya shavu na ufizi, ladha ikiisha unatafuna tena. Kahawa na soda dakika 15 kabla, hapana. Kama mzee anawasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka, aulize ya miligramu 4. La sivyo ya 2 inatosha. Na asiache mapema, ni kama miezi mitatu.

MamaTasha_Donholm
Asanteni sana, nimemsomea yote. Ya kwanza huwasha hata kabla ya chai, kwa hiyo ni ile ya 4. Hicho kikohozi tutakipeleka kwa daktari wiki hii. Muuguzi, kuna mshauri aliyesajiliwa huku Eastlands anayepokea watu jioni? Mzee hutoka kazini saa kumi na mbili.