Fundi akikuwekea spea hafifu, sheria imbane?

MamaDuka_Tororo
Wandugu, nauza maziwa na soda. Stabilaiza ya friji yangu, ile ya kutuliza umeme, iliharibika, fundi akabadilisha kapasita, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme kwenye bodi, nikamlipa. Wiki 7 tu, kimya. Maziwa yote yakachacha. Nimeifungua mwenyewe: hiyo kapasita mpya imevimba kichwa kama andazi, pale penye alama ya msalaba pametoka uchafu wa kahawia. Kwa nini sheria isimlazimishe fundi kumwonyesha mteja spea anayoweka na kumrudishia ile ya zamani? Mafundi wetu, hasa waliojifunzia Katwe, mtaa wa mafundi kule Kampala, wanaweka chochote kilicho mezani.

KoleoLaKatwe
Pole na maziwa, nnyabo. Lakini Katwe imeingiaje hapa? Fundi wako yuko Tororo! Nimeshika risasi ya kulehemu Katwe miaka 19, nimelisha watoto kwa kazi hiyo. Kosa la mtu mmoja msilipake mtaa mzima.

Nakawa_Saketi
Kapasita zina daraja la joto, nyuzi 85 au 105. Kila joto likishuka nyuzi 10, umri wake huwa kama maradufu. Zikiwa na saa sawa za kudumu kwenye karatasi ya kiwandani, ya 105 itadumu kama mara nne kuliko ya 85 ndani ya boksi lile lile. Muulize fundi hilo kabla hujalipa.

MzeeWaMbale
Nyuzi, nyuzi! Angalieni volti. Ya mwanzo ikiwa ya 16, ukaweka ya 25, unaunguza bodi.

Nakawa_Saketi
Shikamoo mzee. Hapo hapana. Volti iliyoandikwa ni kikomo cha kile inachoweza kuvumilia. Kupanda ni salama mradi inaenea mahali pake, kushuka ndiyo hatari.

MzeeWaMbale
Nimetengeneza redio kabla baba yako hajaoa.

Busia_Mpakani
Mzee, kijana yuko sahihi, na heshima yako iko pale pale. Mimi nina neno na Katwe. Mnang'oa spea kwenye bodi za mtumba mnatuuzia kama mpya!

KoleoLaKatwe
Nang'oa, ndiyo, na mteja namwambia! Sikiliza. Kanisa moja liliniletea amplifaya, transista za 2SC5200 zimeungua. Nikanunua mpya, zinang'aa, maandishi safi. Hazikumaliza ibada moja. Nikasaga kifuniko kwa tupa: kipande cha silikoni ndani kidogo kama punje ya mtama, wakati 2SC5200 halisi inapaswa kubeba wati 150. Nikatoa mbili kwenye amplifaya kuukuu ya Japani, zinafanya kazi hadi leo. Sasa niambie, ipi ni feki, ile ya mtumba au ile mpya?

Busia_Mpakani
Kwa transista nakubali. Kapasita iliyokaa kwenye joto miaka 10 je? Maji yake si yamekauka?

KoleoLaKatwe
Kapasita sing'oi! Nani kakwambia nang'oa kapasita?

GuluKwetu
UNBS, wale wa viwango vya Uganda, wakague hizi spea, yaishe.

Busia_Mpakani
Kontena litakaguliwa. Mfuko wa kapasita unaovuka ndani ya begi la abiria ataukagua nani? Mimi ninaishi mpakani, ninaona.

GuluKwetu
Na wateja nao! Unamtajia spea nzuri, anasema "weka tu ya bei nafuu". Niliwahi kufungua redio ya jirani nikakuta waya wa shaba mahali pa fyuzi. Aliomba mwenyewe, kuokoa shilingi mia chache. Nyumba ile ina watoto wanne.

MamaDuka_Tororo
Mimi sikuomba bei nafuu, nisisingiziwe. Nimeisoma hii yangu: volti 16, nyuzi 85. Transfoma ndogo iliyo karibu nayo imeandikwa 12.

Nakawa_Saketi
Basi ndiyo hiyo. Volti 12 za transfoma zikipita kwenye daiodi, kapasita inajaa hadi kilele cha umeme huo, karibu 15 na nusu. Umeme ukizidi 240 kidogo, inavuka 16. Na stabilaiza kazi yake ni kukutana na umeme unaopanda! Hapo ilitakiwa 25 au 35. Ile ya zamani ilikuwa ya ngapi?

MamaDuka_Tororo
Sijui, kijana wangu. Hakunirudishia. Ndicho nilichouliza tangu mwanzo.

KoleoLaKatwe
Nitumie picha ya bodi, juu na chini, nikutafutie ya 35 yenye nyuzi 105. Lakini lile neno la Katwe, nnyabo, lifute.