Tupeane uzoefu: Tanga imetanuka, nishati yako imebadilikaje?

Wakuu, heshima kwenu. Nimekulia Ngamiani, enzi ambazo uende bandarini, sokoni au Raskazone, ni baiskeli tu. Mji tambarare, tena mdogo. Sasa nimejenga Kange, kazi bado iko mjini, na baiskeli anaichezea mtoto. Asubuhi bajaji, jioni bajaji. Sijatajirika hata kidogo, ila petroli inayochomwa kwa ajili yangu mzee wangu hakuijua.

Hesabu za dunia zinatuweka chini kabisa: kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania mmoja hafikishi hata nusu tani ya kaboni dayoksaidi kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Kwa hiyo sitaki tujilaumu. Ila hesabu hiyo haigusi mkaa na kuni, na jikoni kwetu ndiyo hivyo hivyo. Leteni simulizi, siasa tuiache: umehamia wapi, unapikia nini, unasafiri vipi?

Muuza Maharage, Makorora
Mie napikia vyote vitatu. Maharage nayatia kwenye presha kuka ya umeme, yanaiva hata uniti moja haijaisha. Gesi ni ya chai ya asubuhi, watoto wanawahi shule. Mkaa ni wa chapati na samaki wa kuchoma. Watu wanasema tunang'ang'ania mkaa kwa ujinga, wallahi si ujinga. Mtungi wa kilo 6 ukiisha unadaiwa pesa yote kwa mkupuo. Mkaa nanunua kopo kulingana na mauzo ya jana. Siku wakianza kuuza gesi ya kupima mtaani kwetu, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Kijana wa Mikanjuni
Dada hapo juu, angalia na LUKU yako, hiyo mita ya umeme wa kulipia kabla. Tarifu ndogo ya majumbani ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Mimi nilinunua friji, nikaongeza presha kuka, nikazidi. Nikahamishiwa tarifu ya shilingi 292 kwa uniti. Wife akaifungia presha kuka kabatini, tukarudi kwenye mkaa. Wanatuambia ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, halafu anayehamia umeme anapandishiwa bei. Hapo mnielezee.

Mzigua
Nasoma nacheka. Huo mkaa mnaouita wa bei nafuu unatoka kwetu Handeni. Nimekaa kwenye tanuri la udongo na kaka zangu: kuni kilo 8 mpaka 10 unapata mkaa kilo moja. Likipasuka usiku mkalala, mnaamkia majivu. Zamani miti ilikuwa nyuma ya nyumba, siku hizi tunaifuata kwa pikipiki. Kila mtaa mpya unaofunguliwa Tanga, sisi huku tunaujua kwa magunia yanayoagizwa.

Fundi tofali
Mnazungumzia jiko tu. Nyumba je? Babu alijenga kwa miti, udongo na makuti, ndani baridi. Mimi nawajengea watu tofali za saruji na bati, mchana panawaka, feni haizimwi. Na saruji si moto wa kiwandani peke yake. Mawe ya chokaa yakichomwa, yenyewe yanaachia kaboni iliyokuwa ndani yake, na hiyo ni zaidi ya nusu ya kaboni yote ya saruji. Hata ukichoma kwa jua, ile ya kwenye jiwe inatoka. Sisemi turudi kwenye makuti, bima ya moto nani atalipa?

Chongoleani moja
Huku kwetu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, ndilo linaishia, kilomita 1,443. Mafuta yake ni mazito kama nta, lazima bomba lipashwe moto njia nzima. Watu wananiuliza ajira, mie nawauliza hiyo nishati ya kupashia.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Kuna anayejua fundi wa bajaji za betri hapa Tanga? Nina nia.

Kijana wa Mikanjuni
Betri utaichajia kwa tarifu gani, mkuu?