Mtoto amepunguza kucheza tumboni katika wiki ya 36

Mama Mtarajiwa, Umoja:
Hamjambo, dada zangu. Hii ni mimba yangu ya kwanza. Mtoto alizoea kuchachamaa nikimaliza chakula cha jioni, mara teke chini ya mbavu, mara kujinyoosha hadi tumbo likaegemea upande mmoja, lakini tangu jana nasikia miguso michache tu. Mama mkwe asema mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia kwa kukosa nafasi, na kwamba soda baridi itamwamsha. Je, ningoje kliniki ya Jumatatu?

Mkunga wa Eastlands:
Dada, usingoje. Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku, kwenye hospitali yenye wodi ya wazazi, na ubebe kitabu chako cha kliniki. Kwa heshima zote kwa mama mkwe, nafasi hupungua kweli, na huenda mateke yakageuka kuwa kujiviringisha na kusukuma. Hata hivyo, mtoto hapaswi kupunguza kucheza, kwani miondoko huongezeka hadi karibu wiki ya 32, kisha hubaki vivyo hivyo mpaka uchungu. Usingizi wake huchukua dakika 20 hadi 40, na ni nadra kupita 90. Kondo la nyuma lisipompa oksijeni ya kutosha, mtoto huhifadhi nguvu kwa kutulia, na hapo soda haisaidii kitu ila kukupotezea muda. Watampima mapigo ya moyo kwa mashine inayofungwa tumboni kwa mikanda, na pengine wakuangalie maji ya uzazi kwa picha.

Mama Wawili, Kayole:
Mimi niliambiwa nilale kwa ubavu wa kushoto kwa saa mbili na kuhesabu miondoko kumi.

Mkunga wa Eastlands:
Hilo ni la mwenye shaka tu, na kwikwi hazihesabiwi. Huyu ameona badiliko tangu jana. Kuhesabu ni kuchelewa.

Baba Kijacho, Kasarani:
Vipi kuhusu vile vifaa vya kusikilizia moyo nyumbani?

Mkunga wa Eastlands:
Sivipendi hata kidogo. Asiye na mafunzo husikia mshipa wa mama akadhani ni moyo wa mtoto. Isitoshe, moyo unaweza kuwa unapiga ilhali mtoto tayari yumo taabani, na mama akarudi kulala kwa amani isiyo na msingi.