Bustani juu ya sakafu ya zege mjini Moroto: uzito, maji na mboga za kupanda

Mwalimu wa Moroto aliuliza:

Salaam ndugu zangu. Ninaishi ghorofani katika mji wa Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na mwenye nyumba ameniruhusu kutumia sehemu ya wazi iliyo juu ya maduka, yenye sakafu ya zege, upana wa mita 4 na urefu wa mita 6. Ukuta wa vyumba vyetu uko upande wa mashariki, kwa hiyo kivuli kipo asubuhi tu, na kuanzia saa saba mchana jua huipiga sakafu hiyo mpaka linapotua, hata mtu hawezi kuikanyaga peku. Mvua zetu, kama mjuavyo, ni za msimu mmoja, takriban Aprili hadi Oktoba, kisha hufuata miezi ya upepo mkavu ambapo mboga za majani huadimika sokoni na bei yake hupanda.

Maji nayapata kwa jerikeni kutoka kisima cha pampu, na baada ya matumizi ya nyumbani ninaweza kutenga jerikeni mbili za lita 20 kila siku. Nia yangu ni watoto wale mboga hata wakati wa kiangazi. Nimeshauriwa nijenge kingo za matofali kuzunguka sakafu yote, niijaze udongo hadi kimo cha sentimita 30, kisha nipande sukuma wiki na nyanya. Je, shauri hilo linafaa? Na kwa maji hayo, nipande nini?

Fundi wa Mbale alijibu:

Mwalimu, kabla hatujafika kwenye mbegu, nakuomba usiijaze sakafu hiyo udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa maji huwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,600, maana yake kimo cha sentimita 30 kitaweka karibu kilo 500 juu ya kila mita moja ya mraba, ilhali sakafu ya nyumba ya kawaida husanifiwa kubeba watu na samani, yaani takriban kilo 150 hadi 200 kwa mita hiyohiyo. Nyufa zinaweza zisionekane siku ya kwanza, zikaja baada ya mvua kubwa, na chini yako kuna maduka yenye watu.

Tumia vyombo vinavyohamishika. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa udongo mbichi huwa na kilo 30 na zaidi, kwa hiyo vipange kwa safu kandokando ya kuta na juu ya mihimili, ukiacha katikati wazi. Kila chombo kiinue kwa vipande vya matofali ili maji yanayochuruzika yaende kwenye bomba la mvua badala ya kutuama na kupenya kwenye zege. Mwombe pia fundi aliyeijenga nyumba, au mhandisi, aitazame sakafu hiyo kabla hujapandisha chochote, kwa kuwa mimi nazungumza nikiwa mbali.

Jambo moja la faida: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita zako 24 za mraba ni lita 24, hivyo mvua ya milimita 20 ni karibu lita 480, ingawa kiasi fulani hupotea. Pipa la kuyakinga liwe chini ardhini, maana lita 200 za maji ni kilo 200 tupu, na lifunikwe vizuri mbu wasizaliane humo.

Mama wa Kotido alijibu:

Namuunga mkono fundi, na niongeze kuhusu joto, kwa sababu katika nchi yetu hii mizizi huungua kabla majani hayajanyauka. Udongo wa shambani hupata joto kutoka juu tu, lakini wa kwenye chombo huchomwa pande zote, na plastiki nyeusi ikiachwa kwenye jua la alasiri huufikisha udongo kwenye joto ambalo mizizi haiwezi kulivumilia. Chukua jerikeni za manjano zilizotupwa, uzilaze, ukate ubavu wa juu, utoboe matundu chini, kisha uzizungushie gunia la katani. Zisogeze zikaribiane ili kila moja iikinge jirani yake.

Upande wa magharibi simamisha ua wa mabua ya mtama, ambayo baada ya mavuno hayana bei, na uufunge imara kwenye nguzo kwa ajili ya upepo. Mabua mengine yakatekate uyatandaze juu ya udongo, unene wa vidole vinne. Matandazo hayo ndiyo yatakayokuokolea maji kuliko kitu kingine chochote, na mtu asikuambie kwamba ni urembo.

Udongo mweusi wa mfinyanzi wa kwenye mbuga usiutumie peke yake, kwani hupasuka ukikauka na maji hupita kwenye nyufa bila kuigusa mizizi. Changanya udongo wa kichanga, samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, na maganda ya karanga yaliyopondwa, ambayo hupunguza uzito pia. Usiweke kokoto chini ya chombo kwa kudhani zitasaidia maji kutoka, maana maji hubaki yamekwama juu ya kokoto na nafasi ya mizizi hupungua, matundu yanatosha.

Kuhusu kiasi cha maji, bustani iliyo juani kwenye upepo mkavu huweza kupoteza lita 5 hadi 8 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Lita zako 40 basi zitakutosheleza mita 5 au 6, na zaidi kidogo ukiwa na kivuli na matandazo. Anza na hizo. Mwagilia alfajiri, polepole, mpaka uone tone la kwanza likitoka chini. Kwenye vyombo vikubwa fukia mtungi mdogo wa udongo wa kufinyanga usiopakwa rangi, ubaki mdomo tu, uujaze maji na kuufunika: maji hupenya ukutani mwake kwa kadiri udongo unavyokauka, na mimea iliyo umbali wa shubiri moja huyafuata yenyewe.

Mzee wa Soroti alijibu:

Mwalimu, sukuma wiki hupenda ubaridi, na wakati wa kiangazi vidukari huijaa. Weka miche michache tu karibu na ukuta wa mashariki. Tegemeo lako liwe mchicha, yaani dodo, pamoja na mgagani, ambao Waacholi huuita akeyo. Mimea hii miwili hutengeneza chakula chake kwa njia inayostahimili jua kali na kutumia maji kwa uangalifu, ndiyo maana huota hata pale ambapo nyingine zimesalimu amri. Mgagani usiuhamishe, sia mbegu mahali pake, na ukate vichwa vya maua vinapojitokeza ili uendelee kutoa majani. Kunde nazo, chuma majani machanga kuanzia wiki ya nne hivi. Bamia ipe chombo chenye kina zaidi ya vingine, kwa kuwa mzizi wake hushuka moja kwa moja.

Nyanya hazikatazwi, kwa sababu Moroto iko juu na usiku hupoa, lakini chagua zile ndogondogo na uzikinge na jua la alasiri, la sivyo maua yatapukutika. Chunguza chini ya majani kila baada ya siku chache: ukiona vidoa vyeupe na utando mwembamba, huyo ni utitiri mwekundu, ambaye hustawi penye ukavu. Mnyunyizie maji kwa nguvu kwa chini.

Mwalimu wa Moroto:

Nashukuru sana wazee wangu. Nimeliacha lile shauri la kujaza udongo. Nina swali moja: maji ya kisima chetu huacha ukoko mweupe kwenye birika. Je, yatadhuru mboga?

Mama wa Kotido:

Ukoko wa birika mara nyingi ni chokaa, na huo hauna madhara makubwa. Onja maji yenyewe. Yakiwa na ladha ya chumvi, ndipo uwe mwangalifu, kwa sababu maji yakikauka chumvi hubaki na kuongezeka. Ukiona kingo za majani zinaungua na unga mweupe umetanda juu ya udongo, mimina maji mengi kwenye chombo mpaka yatoke chini kwa wingi, na mvua zitakapoanza ondoa matandazo kwa siku kadhaa ili zioshe udongo. Maharage usiyapande kwa maji ya namna hiyo, huathirika mapema. Mchicha huvumilia zaidi. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie bila wasiwasi, ila ya kufulia yenye sabuni usiyamwage humo.