Leaf ya kWh 40 kutoka Japani: tangazo linasema km 400, je, Morogoro itafika?

Chaji_Kamili
Wakuu, kuna Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme, betri ya kWh 40, ipo yadi hapa Dar. Tangazo limeandika "km 400 kwa chaji moja". Geji inaonyesha mistari 11 kati ya 12 ya afya ya betri, karatasi nyingine hakuna. Safari inayohitajika ni Dar–Morogoro, km 190 na ushee. Muuzaji adaiwe taarifa zipi kabla ya hela kutoka?

Fundi_Volti
Mkuu, km 400 ni kipimo cha zamani cha Japani, JC08: mwendo mdogo, gari jipya. Kwa kipimo chao cha baadaye, WLTC, Leaf hiyohiyo ilipewa km 322. EPA, shirika la mazingira la Marekani, iliiandikia maili 151, yaani km 243, na hiyo ndiyo iliyo karibu na barabara kuu. Tangazo lisilotaja kipimo halijakwambia kitu.

Mistari nayo isikutulize. Wa kwanza huzimika afya ikishuka kama 85%, inayofuata hupotea kila baada ya 6% hivi. Kwa hiyo mistari 11 inaweza kuwa 84% au 79%. Leaf za zamani za kWh 24 kuna wanaozirudishia mistari yote kwa mashine, halafu ikitembea kwa muda inaanza kupotea upya.

Tafuta kifaa cha OBD2 cha Bluetooth (kinachomekwa kwenye soketi ya uchunguzi ya gari) kinachokubali LeafSpy, programu ya simu inayosoma betri ya Leaf. Soma SOH (asilimia ya afya ya betri), kisha AHr (ujazo wa betri kwa ampea-saa; mpya ya kWh 40 ni karibu 115), halafu tofauti ya volti kati ya jozi 96 za seli. Rudia vipimo hivyo betri ikiwa imebaki chini ya 20%, huku mtu anaendesha na kukanyaga pedali ya mwendo kwa nguvu. Jozi moja ikizama peke yake, hiyo ndiyo itakayokukatia safari, hata kama SOH inapendeza.

MsomaGeji
Hata bila kifaa inawezekana. Jaza 100%, rudisha tripu sifuri, endesha mpaka 30%. Gari la Japani linakuonyesha wastani wa km kwa kWh. Mfano: km 120, wastani 6. Gawanya, unapata uniti 20 (kWh ni uniti ileile ya LUKU). Hizo ni 70% ya betri, kwa hiyo ikijaa inabeba kama 28.6. Mpya ilikuwa inatoa 37 hivi kati ya zile 40. Afya yake ni 77%.

Sasa Morogoro. Mwendo wa 80 na AC, hesabu uniti 15 kwa km 100: hizo ni 28.5. Kupanda nako kuna gharama: gari na abiria wakifika kilo 1,800, kila mita 100 za mwinuko zinakula karibu nusu uniti. Morogoro iko kama mita 500 juu ya bahari, ongeza 2.5. Jumla 31, betri ya mfano wetu ina 28.6. Haifiki. Ukienda 100 ndiyo kabisa, upepo unakula betri kuliko watu wanavyodhani.

Chaji_Kamili
Nikichaji Chalinze je?

Fundi_Volti
Inawezekana, ila hakikisha kwanza plagi ipo. Leaf ya Japani ina plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka na ya Type 1 kwa ya kawaida; CCS2, plagi ya haraka ya aina nyingine, haiingii. Ukitumia umeme wa kawaida, chaja ya ndani ya gari nyingi ni kilowati 3, kwa hiyo uniti 10 ni zaidi ya saa tatu. Na betri hii haina mfumo wa kuipoza. Ukitoka mwendo wa kasi ukaichaji haraka, yenyewe itapunguza kasi ya kupokea umeme kwa sababu ya joto.

Kwenye hati ya mauziano aandike: SOH na tarehe iliyosomwa, picha ya skrini yenye odomita, ukubwa wa chaja ya ndani, na waya wa kuchajia unaokuja na gari. Akikataa kifaa kichomekwe, achana nalo.

Waya_Nne
Kuhusu huo waya: wa Japani wa volti 200 unavuta hadi ampea 15. Soketi yetu ya ampea 13 inaweza kuyeyuka, kwa sababu mzigo ni wa saa nyingi mfululizo. Vuta laini yake pekee kutoka kwenye bodi, waya wa mm² 4, breka ya ampea 20, soketi ya viwandani ya bluu, na ethi ipimwe. Ethi mbovu, waya mwingine hukataa kabisa kuchaji na watu wanalaumu gari. Siku za kawaida ishia 80%, usiliache limejaa juani.